Mto wetu una ramani tatu na hazikubaliani

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji, kijiji chetu kipo Mbeya Vijijini kwenye miteremko ya Uporoto, upande unaoangalia Usangu. Tunataka ramani ya mto wetu: bonde lake linaanzia wapi na kuishia wapi, chemchemi zote, na njia za miguu za kupandia hadi kwenye chanzo, maana vijana wameanza kuongoza wageni. Kijana mmoja aliyemaliza chuo ametuchorea mpaka wa bonde kwa kompyuta. Mimi nilipanda na simu, nikasoma namba za chanzo, nikaziweka kwenye ramani ya serikali ya karatasi. Chanzo kikaangukia juu mgongoni, kama mita 300 kusini mwa pale mto ulipochorwa. Urefu nao, simu inasema 2,247, karatasi inasema kama 2,220, kompyuta 2,236. Halafu kuna chemchemi kwenye tandiko la mlima, pale panapobonyea kati ya vilele viwili, ambayo kompyuta imeiweka upande wa pili, lakini wazee wanasema ni ya mto wetu tangu enzi za babu zao. Sasa kuna mtu anataka tumlipe arushe ndege nyuki (droni) amalize ubishi. Tumlipe? Na ramani ipi ndiyo ya kweli?"*

Marahaba, katibu, na pole kwa kupanda. Ukiniruhusu nilikunjue swali lako: hujui kama chanzo kimehama au ramani imehama, hujui urefu upi uandike, wazee wanagombea chemchemi na kompyuta, na kuna mtu mlangoni anasubiri hela ya ndege nyuki. Kwa hilo la mwisho jibu ni hapana, msimlipe, angalau kwa sasa. Yaliyobaki yanataka tukae.

Tuanze na hizo mita 300, maana ndizo zinazotisha na ndizo rahisi. Ulipoandika neno "kusini" nilijua tatizo liko wapi. Karatasi za 1:50,000 zinazotolewa na idara ya upimaji na ramani zilichorwa kwa picha za ndege, na gridi yake imefungwa kwenye mfumo wa marejeo unaoitwa Arc 1960. Simu yako inasikiliza setelaiti, na simu karibu zote hutoa namba kwa mfumo mwingine, WGS84. Mifumo hii miwili imeichukulia dunia kuwa na umbo na kitovu tofauti kidogo. Ni kama mafundi wawili wanaopima ukuta uleule, mmoja kaanzia kona ya ndani, mwenzake kona ya nje. Futi zao wote ni halali, ila ukimpa mmoja vipimo vya mwenzake, dirisha linakaa pasipo pake. Huku kwetu tofauti ya namba za gridi ni takriban mita 300, sehemu kubwa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Namba za simu ukizipachika moja kwa moja kwenye karatasi, alama inaangukia kusini mwa mahali penyewe. Kwenu kusini ni kupanda, ndiyo maana chanzo chako kikaenda kukaa mgongoni.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halina harufu. Namba za mifumo yote miwili zina tarakimu zilezile kwa wingi, zote zinaandikwa "UTM kanda ya 36 kusini" (UTM ni gridi inayoigawa dunia kwa kanda), na hakuna kitakachokuambia kuwa umechanganya. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kazi, nilimsomea mtu namba za banio, pale maji ya mto yanapochepushwa, kwa simu bila kumtajia mfumo. Vijana wake wakapiga vigingi sita kwenye kichaka kikavu, wakakaa chini ya mti wakinisubiri nije niwaonyeshe maji.

Tiba yake ni ya dakika chache. Kwenye programu ya simu au kifaa cha GPS, ingia kwenye mipangilio utafute Arc 1960, kisha usome upya. Kama kijana wenu anatumia QGIS, programu ya kuchorea ramani, mwambie faili la simu alisome kwa namba ya mfumo 32736, na ramani ya karatasi aliyoiskani aifunge kwenye 21036, programu itahamisha yenyewe. Halafu mhakikishe kwa kitu kinachoonekana kote: daraja, njia panda, kanisa la zamani. Simama darajani, soma namba, tazama kama alama imekaa juu ya daraja la kwenye karatasi. Ikikaa, mmemaliza. (Wasomaji wa Iringa mashariki, kuelekea Udzungwa, nanyi mna mtego wenu: kanda ya 36 inaishia kwenye longitudo 36, na kuvuka hapo mnaingia kanda ya 37, namba zinaanza upya kabisa.)

Urefu nao usikukoseshe usingizi. Simu hukosea urefu zaidi kuliko inavyokosea mahali, kwa sababu setelaiti zote ziko juu ya kichwa chako na hakuna hata moja iliyo chini ya miguu ya kuisawazisha. Baadhi ya simu hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia badala ya usawa wa bahari, na zenye kipima-hewa hudanganywa na hali ya hewa: kwa urefu wenu, kanieneo ya hewa ikishuka hektopaskali moja, simu itadhani umepanda kama mita 10 na hali umekaa unakula kande. Karatasi ina kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa) kila baada ya mita 20 kwa ramani nyingi (zipo zilizochorwa kwa futi, angalia maelezo ya chini), na kati ya kontua mbili unakisia. Kompyuta imekupa wastani wa kipande kizima cha ardhi. Andika "takriban mita 2,230" usonge mbele. Mnachohitaji kwa mradi wa maji ni tofauti ya urefu kati ya chanzo na tangi, kwa sababu kila mita 10 za kushuka zinazaa bar moja ya msukumo ndani ya bomba. Tofauti hiyo pimeni kwa kifaa kimoja, siku moja, kwenda na kurudi. Na bomba lisinunuliwe kwa vipimo vya simu.

Sasa twende kwenye chemchemi, ambako ndiko kwenye kazi.

Mpaka wa bonde la mto ni kama kofia ya bati juu ya paa. Tone likianguka sentimita moja upande huu linaishia kwenye mfereji huu, sentimita moja upande ule linaishia kwenye mfereji wa jirani. Kwenye ramani ya kontua mpaka huo unausoma hivi: kontua zinapovuka korongo hujikunja kama herufi V iliyoelekeza ncha yake juu, kuelekea chanzo. Zinapovuka mgongo, ncha huelekea chini, na kwa kawaida hujikunja kwa duara zaidi. Unaanzia kwenye banio, unapanda kwa kukata kila kontua kwa pembe mraba, unafuata ncha za migongo, unapita kilele, unashuka kwenye tandiko, unapanda kilele kingine, mpaka unarudi kwenye banio kwa upande wa pili. Kamwe mstari wako usivuke mto isipokuwa pale penye banio. Ukivuka, umekosea, rudi nyuma. Mtu mwenye penseli, kifutio na uvumilivu anachora bonde dogo kwa mchana mmoja. Nakushauri ufanye hivyo hata kama kompyuta ipo, kwa sababu mkono unajifunza mlima kwa namna ambayo kubonyeza hakukufunzi.

Kompyuta yenyewe haioni mlima. Inaona sakafu ya vigae. Kwa data za bure wanazotumia wengi, kila kigae ni mita 30 kwa 30 na kina namba moja tu ya urefu. Data maarufu kuliko zote zilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kwa safari ya siku 11 mwezi Februari 2000. Programu inakwenda kigae kwa kigae, inatazama majirani 8 wanaokizunguka, inamwaga maji kwa yule ambaye mteremko kwenda kwake ni mkali kuliko wote. Ikimaliza inahesabu vigae vingapi vimemwagia hiki, na penye hesabu kubwa inachora mto. Ukibonyeza kwenye banio lenu, inakusanya vigae vyote vilivyomwaga hapo, na ukingo wake ndio mpaka aliouchora kijana wenu. Kazi nzuri, mpeni heshima yake.

Kwenye mteremko mkali hesabu hii mara chache inakosea. Kigae kikikosewa mita tano, jirani yake wa chini bado yuko chini. Lakini tandiko ni kitu kingine. Tandiko la upana wa mita 40 linaingia kwenye kigae kimoja au viwili. Kama kati ya jicho la chemchemi na sehemu ya juu ya tandiko kuna mita mbili tu, na data zenyewe zinaweza kukosea mita kadhaa, basi kompyuta imerusha shilingi. Imeangukia upande wa pili, ingeweza kuangukia kwenu. Kwa hiyo mpaka wa kompyuta unaweza kuwa sahihi karibu mzunguko mzima, na ukakosea palepale ambapo watu wanabishania.

Miti nayo ina mchango. Rada ile haikufika udongoni kila mahali. Penye msitu ilirudi kutoka mahali fulani kwenye majani na matawi. Niliwahi kuchora bonde dogo huko Mufindi, na kwenye skrini kukatokea ukuta wa mita kumi na kitu, umenyooka kama umekatwa kwa rula. Nikauandika "genge", nikaupaka rangi ya hatari. Nilipofika na buti zangu, genge lenyewe lilikuwa mpaka wa vitalu viwili vya paini: kimoja kilikuwa kimesimama wakati wa kupimwa, kingine kilikuwa visiki. Ardhi ilikuwa tambarare, mama mmoja anapita na kuni kichwani. Kama kwenye tandiko lenu kuna shamba la milingoti upande mmoja na nyasi upande mwingine, hilo peke yake linatosha kuihamisha chemchemi.

Kuna kosa la tatu ambalo ni la kwetu watu wa milima ya volkano. Kabla ya kumwaga maji, programu hujaza mashimo yote, ikiamini kuwa shimo ni kasoro ya data. Nchi nyingi hilo halina madhara. Lakini Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kasoko, na hakuna mto unaotoka humo juu ya ardhi. Kompyuta isipokatazwa italijaza mpaka limwagike, kisha ichore mto ambao hakuna mtu wa Uporoto aliyewahi kuchota maji yake. Na chini ya ardhi kuna mambo ambayo hakuna setelaiti inayoyaona. Aliyewahi kufika Kijungu ameuona Mto Kiwira ukiingia chini ya mwamba. Kwenye majivu na miamba ya volkano, mvua inaweza kunywewa upande huu wa mgongo na kutokea chemchemi upande wa pili. Hapo kofia ya bati niliyoisema inabaki ya maji ya juu tu.

Sasa wazee. Sidhani kama wanadanganya, na sidhani kama kijana amekosa adabu. Nadhani "ni ya mto wetu" ina maana mbili. Maana moja ni kwamba maji yake kwa asili yanashukia mtoni kwenu. Nyingine ni kwamba tumeyatumia siku zote. Ramani ya bonde inajibu ile ya kwanza tu. Kwa hiyo nenda na wazee wawili hadi kwenye jicho la chemchemi na uwaulize swali moja: maji haya yanaingiaje mtoni? Wakikuonyesha korongo, ni mlima ndio umeamua. Wakikuonyesha mfereji, ni jembe la babu zao. Kutofautisha si kazi kubwa. Korongo la asili linafuata mteremko na kujikunjakunja. Mfereji unakata mteremko kwa ulalo, unakaa karibu usawa mmoja kwa umbali mrefu, na upande wa chini una tuta la udongo uliotupwa na majembe, hata kama nyasi zimeshaufunika.

Kisha pimeni tandiko, na kwa hili hamhitaji mtaalamu. Nunueni mpira mweupe unaoonyesha maji, mita 20, ule ambao mafundi hupatia levo ya msingi. Ujazeni maji, ugongegonge mpaka mapovu yote yatoke, maana povu moja linaharibu kazi. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye rula ndefu palipo na jicho la chemchemi, mwingine asogee na rula yake kama mita 15 kuelekea juu ya tandiko. Maji ndani ya mpira yatasimama usawa mmoja, someni rula zote mbili, andikeni tofauti, sogeeni tena. Fanyeni hivyo mpaka mpite sehemu ya juu na kuanza kushuka upande wenu. Mwisho wa zoezi mtajua kwa sentimita kama jicho la chemchemi liko huku au kule. Fanyeni wageni wakiwepo kutoka kijiji cha upande wa pili, na kila usomaji usomwe kwa sauti. Ubishi mwingi hupungua watu wanapoona maji ndani ya mpira.

Mkipenda kuongeza ushahidi, pimeni wingi wa maji kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 8, chemchemi inatoa lita mbili na nusu kwa sekunde. Fanyeni mwezi Oktoba kabla ya mvua, mrudie Machi. Kama kuna mfereji, na watumiaji wote wakikubali, uzibeni kwa siku moja kisha mpime mto kwa chini muone umepungua kiasi gani.

Kwa nini nang'ang'ana na jambo hili? Kwa sababu tandiko lenu huenda si la vijiji viwili tu. Milima hii ya Mbeya inagawa maji ya mbali sana. Tone la upande wenu linashuka Usangu, linaingia Ruaha Mkuu, linapita Mtera na Kidatu, linafika Rufiji na Bwawa la Julius Nyerere, hadi Bahari ya Hindi. Tone la upande wa Kiwira linaingia Ziwa Nyasa, linatoka kwa Mto Shire, linajiunga na Zambezi na kufika bahari ileile huko Msumbiji. La upande wa magharibi linakwenda Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mto unaotoka, safari inaishia hapo. (Mjihadhari na jina Songwe. Iko miwili: mmoja unakwenda Rukwa, mwingine uko mpakani na Malawi na unakwenda Nyasa. Nimeona ripoti zilizoichanganya.) Kwa hiyo kama babu zenu walichimba mfereji kuvuka tandiko, huenda mnahamisha maji kutoka bonde moja kuu kwenda jingine, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 kuchepusha maji ni jambo la kibali. Si kosa la aibu, linarekebishika. Ila lisigunduliwe na mtu mwingine kupitia ramani mliyoichapisha wenyewe. Kwenye ramani, chemchemi hiyo ichoreni nje ya mpaka kama vipimo vitasema hivyo, na mfereji muuchore kwa rangi nyingine na kuandika "mfereji". Ramani ya namna hiyo inawatendea haki wazee na mlima pia.

Nirudi kwa mtu wa ndege nyuki. Picha zake ni nzuri, na kwa eneo dogo la wazi zinaweza kutoa urefu kwa usahihi wa sentimita kadhaa, mradi aweke alama za kudhibiti ardhini na kuzipima kwa GPS ya upimaji. Bila alama hizo atawaletea picha ya kupendeza inayoelea. Ndege nyuki ya kamera nayo inaona juu ya miti tu, kama rada. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mkiingia eneo la hifadhi mnahitaji ruhusa ya wenye hifadhi. Kwa bonde zima la milimani, lenye ukungu nusu ya siku, mtalipa betri nyingi kwa majibu machache. Siku mtakayotaka ramani ya kina ya banio au ya eneo la tangi, mwiteni, na muulizeni kwanza alama za kudhibiti ataziweka wapi. Akishangaa swali, mpeni chai aende.

Njia za miguu ni sehemu inayofurahisha, na huko simu inatosha. Weka simu hali ya ndege ili isimalize chaji, GPS itaendelea kufanya kazi. Iweke juu ya begi, sio mfukoni. Rekodi njia ukienda na ukirudi, ukitumia programu kama OsmAnd. Chini ya miti minene mistari miwili itapishana, chora ya katikati. Simama dakika nzima kila njia panda. Andika njia ni ya nani: ya ng'ombe, ya kuni, ya shule, ya wageni, kwa sababu njia ya ng'ombe ya mwezi Agosti inaweza kuwa mto mwezi Februari. Majina ya vilima na vijito yaandike kama wenyeji wanavyoyatamka, Kisafwa kikiwa Kisafwa.

Muda wa kutembea usiuandike kwa kilomita peke yake. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 7 inayopanda mita 900 ni kama saa 3. Hiyo ni kwa mtembeaji mzoefu. Mgeni aliyepanda basi jana kutoka Dar es Salaam, mwongezee saa moja zaidi.

Tazama pia mwinuko wa njia zenyewe. Kwenye karatasi ya 1:50,000 sentimita moja ni mita 500. Ukikuta ndani ya sentimita moja umepanda mita 100, huo ni mteremko wa asilimia 20. Njia inayoshuka moja kwa moja kwenye mteremko kama huo haitabaki njia. Maji ya masika yanaifanya mfereji wao, miaka michache inakuwa korongo la kumfika mtu kiunoni, na udongo wote huo unaishia kwenye banio lenu. Kanuni ya watengeneza njia ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko inaoukata. Zile zinazozidi ziwekeeni alama nyekundu kwenye ramani, hizo ndizo za kuhamisha kabla wageni hawajawa wengi.

Na kuna mambo ya kuacha nje ya ramani ya wageni. Mahali pa matambiko, waulizeni wenyewe. Mahali penye okidi za ardhini, msiweke alama kabisa: viazi vyake huchimbwa kinyemela na kuvushwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na alama kwenye simu ni mwaliko kwa wachimbaji. Tengenezeni ramani mbili, ya ofisi na ya wageni.

Jambo moja kuhusu skeli, kwa sababu najua litawakuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na jumuiya yenu itataka mstari huo uonekane. Kwenye 1:50,000 mita 60 ni milimita 1.2, karibu unene wa kalamu iliyochoka. Hapo huwezi kumwambia mtu kinyungu chake, yaani bustani yake ya bondeni, kimo au hakimo. Chora kanda hiyo kwenye skeli ya 1:5,000, ambako inakuwa milimita 12, na kingo za mto zipimwe kwa kutembea, zisinakiliwe kutoka kwenye mstari wa bluu wa karatasi. Hata hivyo, ramani yenu itaonyesha wa kuzungumza naye. Haimwondoi mtu shambani.

Kuna milango mitatu ambayo lazima mbishe hodi wenyewe, na simu au mtandao havitoshi. Vipimo vya mpira vikionyesha kuwa maji yanavuka tandiko, nendeni ofisi za mabonde: Rufiji wako Iringa, Nyasa wako Tukuyu, na kama ni upande wa Rukwa ofisi iko Mbeya mjini. Nendeni pamoja na wa kijiji cha pili kama inawezekana. Hao pia ndio wa kuombwa wafuatilie maji ya chini kwa rangi maalumu, msijaribu kumwaga rangi yenu kwenye maji ya kunywa. Likigusa mpaka wa kijiji au shamba la mtu, ramani ya bonde haina nguvu hapo, anatakiwa mpima ardhi aliyesajiliwa kupitia halmashauri. Na kabla ya kununua hata bomba moja, mhandisi wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wa wilaya apande nanyi hadi kwenye chanzo, na yeye apime urefu kwa vyombo vyake.

Mtakapokwenda, bebeni karatasi ya 1:50,000, daftari la vipimo vya mpira lenye tarehe na majina ya waliokuwepo, na faili la simu mkiwa mmeandika juu yake neno "WGS84". Mzee mmoja aende pia, yule anayejua mfereji ulichimbwa na nani.